Cheni Iliyorefuka kwa Kuoshwa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kozi. Siku tano, anarudi Jumamosi. Mlangoni kanipa maagizo matatu: nile, nisipande juu ya kitu, nisiguse kitu. Nimekubali yote matatu. Mume mwema habishi mlangoni.

Daftari hili kanipa yeye. Wiki nane nilizolala na mguu uliovunjika (ngazi ndiyo mbovu, si mimi) alichoka kunisikia nikilisema godoro, akaniambia niandike basi mambo ninayoyashukuru. Sikuandika neno. Leo naanza.

Nashukuru kwa mke. Kanivua soksi, kanivisha soksi, kaniogesha kama mtoto wa jana, halafu huyo kazini. Mimi, mpaka rangi mzima, mtu niliyefanya kazi miji minne na bandari moja, nalishwa kwa kijiko! Wala hakunisimanga. Labda mara mbili.

Wema haulipwi kwa mdomo. Lazima nifanye kitu. Nimeshajua! Baiskeli yake.

Habari yenyewe ni hii. Mke wangu ni mkunga mwenye cheti, lakini huu mwaka wa tatu kafungiwa chumba cha mafaili pale zahanati, anaandika majina ya watoto waliozalishwa na wenzake. Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi zinatolewa nafasi za wakunga wa kuwafuata wazazi majumbani. Masharti mawili: uwe umemaliza kozi, na uwe na baiskeli nzima. Matroni wa zahanati anazikagua baiskeli mwenyewe, anazipanda mwenyewe. Baiskeli ikimkataa, unarudi kwenye mafaili mpaka mwakani. Tangu tangazo libandikwe mke wangu anaongea usingizini. Anasema, "Sukuma, mama, sukuma." Mara ya kwanza nilisukuma kitanda.

Baiskeli ni nzima, ila chafu. Tope la msimu mzima. Cheni nyeusi kama tako la sufuria.

Mwanaume mwingine angeipeleka kwa fundi. Shida ni kwamba fundi baiskeli wa mtaa huu ni kaka wa mke wangu. Kwa wembamba wake tunamwita Spoku. Siku ya harusi yetu alisimama mbele ya watu akasema anamkabidhi dada yake kwa mwanaume mzuri sana, ila jamani asipewe bisibisi. Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Nilikitengeneza mimi palepale. Kikavunjika tena na mjomba juu yake. Miaka tisa sasa. Kwa Spoku siendi!

Nimefungua kila kinachofunguka. Gurudumu la nyuma nje, kava ya cheni nje, cheni nje. Mafuta ya taa, halafu maji ya moto na sabuni ya unga, mswaki wangu wa zamani. Sasa ni mswaki wangu wa zamani kabisa. Cheni nimeianika kwenye kamba ya nguo, vibanio vinne, kati ya shuka na suruali yangu. Inametameta kama mkufu wa bibi harusi.

Mama Vifungo, fundi cherehani wa chumba cha kuangaliana na chetu, kauliza kwa mdomo uliojaa pini kama na hiyo tutaipiga pasi.

Wivu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kuunganisha. Jambo dogo. Ni yaleyale ya jana kwa kurudi nyuma, kama kusoma kitabu kuanzia mwisho, na shuleni nilivisoma vingi hivyo.

Gurudumu la nyuma nimelisukuma kwenye mianya yake mpaka likagota mbele kabisa, likatulia tuli. Nati nimezikaza kwa nguvu zangu zote mpaka mguu ukauma, ingawa nilikuwa nakaza kwa mkono. Halitikisiki hilo! Imebaki washa moja, kile kipete bapa cha chuma. Kiwandani huwa wanaweka za ziada.

Halafu cheni.

Imelegea! Imening'inia chini kama tumbo la mtu aliyemaliza karamu. Nimezungusha pedali, mizunguko miwili, krrr, imechomoka. Nimeirudisha. Mmoja na nusu, imechomoka. Nimeirudisha kwa upole nikiiongelesha. Imechomoka kabla sijamaliza sentensi.

Nimekaa kwenye kizingiti nikafikiri. Jana asubuhi cheni ilikuwa sawa. Kati ya jana na leo imepatwa na nini? Imeoshwa. Kwa maji ya moto. Ikaning'inizwa juani na uzito wake wote. Sweta ya mke wangu niliiosha hivyohivyo mwaka juzi ikawa gauni. Basi! Cheni imerefuka!

Nimemweleza Mama Vifungo. Kasimamisha cherehani. Kauliza chuma nacho kinavutika na kurefuka kama sweta tangu lini. Nikamwambia mtu aliyekaa chumba kimoja maisha yake yote hawezi kujua, lakini mimi nimeona reli kwa macho yangu, mchana zinatanuka kwa jua mpaka mafundi wanaachia nafasi katikati. Kainamia mshono wake. Huwa anainama hivyo akiwa anatafuta pa kuchekea.

Dawa ni wazi. Kilichorefushwa na moto hufupishwa na baridi.

Nashukuru kwa elimu ya kutembea. Darasa la saba lingenifikisha wapi?

Jumatano, 5 Machi

Muuza samaki kanipa barafu iliyomaliza kazi yake. Mtu mkarimu, hakuuliza hata ya nini. Cheni ndani ya ndoo tangu saa mbili mpaka saa saba.

Nimefanya kitaalamu. Nimeazima utepe wa Mama Vifungo, nikapima kabla: inchi hamsini na sita. Nikapima baada: inchi hamsini na sita. Nusura nikate tamaa, ndipo nikagundua kwamba utepe niliuacha pembeni ya ndoo. Nao umepata baridi, umesinyaa pamoja na cheni. Sayansi ina hila.

Nimeifunga, nikaitia mafuta, nikatoka nayo kuijaribu barabarani. Harufu ya samaki ilikuwepo kidogo. Paka watatu walinifuata.

Imeniheshimu mpaka kona ya kwanza. Kona ya pili ikachomoka. Na mbele ya nani? Duniani kuna milango mingapi? Mbele ya karakana ya Spoku!

Alikuwa kakaa juu ya kopo, anaziba pancha. Kanitazama, kaitazama baiskeli, kawatazama paka. "Shemeji, wewe ndiye unaipeleka baiskeli, au yenyewe inakurudisha kwenu?" Nikamwambia daktari kaniagiza kutembea huku nimeshika kitu. Kaniuliza kama na paka wameandikwa kwenye cheti. Wateja wake wakacheka, mmoja mpaka kashika mti.

Halafu akainama. Akaangalia gurudumu la nyuma. Akaacha kucheka, akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba shemeji, hilo gurudumu lako hapo... Nikamkata! Nikamwambia gurudumu halina neno, na kwamba mtu aliyefanya kazi bandarini ameona magurudumu ya meli. Meli hazina magurudumu, nakumbuka vizuri, lakini sikumpa muda wa kutafakari. Nikasukuma baiskeli kwa madaha mpaka nikapotea kona.

Kwa vyovyote hakuwa na la maana. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu, na shida iko kwenye cheni. Huyo ndiye fundi wa mtaa!

Alhamisi, 6 Machi

Nashangaa kwa nini sikuliona hili mapema. Kitu kikiwa kirefu, kikate. Suruali zangu zote zimekatwa na Mama Vifungo na hakuna iliyolia.

Msumari, nyundo, ukingo wa kizingiti. Cheni ina pingili nyembamba na pingili pana, zimeshikana kwa pini ndogo. Unagonga pini, pingili inaachia. Hesabu yangu ilitaka zitoke mbili. Nimetoa nne. Ukikata, kata kiume.

Nimeizungusha kwenye meno ya mbele, nikaizungusha kwenye meno ya nyuma, nikavuta ncha zikutane. Hazikutani! Upana wa kidole umebaki katikati. Zinatazamana kama wachumba waliogombana. Nimevuta mpaka nikaona nyota. Nimeweka goti. Nimemwomba Mama Vifungo ashike upande mmoja, kakataa, kasema yeye bado ana watoto wa kusomesha.

Nikaamua kurudisha mbili. Pini moja imepinda kama kiulizo. Nyingine imeruka, imegonga bati, imerudi, imetazama huku na huku, imeingia kwenye mfereji. Pingili zenyewe mbili zimepondeka. Kizingiti nacho kimepoteza pembe.

Mama Vifungo katoa pini mdomoni, jambo analolifanya kwa misiba tu. Kasema kuuliza si ujinga. Kasema mficha uchi hazai, na mimi nimeoa mkunga, ningepaswa kulijua hilo. Halafu kasema kesho asubuhi anampelekea Spoku ovaroli lake, je, aseme chochote? Nikamwapisha. Asiseme neno! Kaapa. Lakini pini alikuwa kazirudisha mdomoni, sikusikia vizuri kaapa nini.

Jioni mke wangu kapiga simu. Sauti yake! Kaongoza mtihani. Wanawake kumi na wanane na yeye wa kwanza. Mkufunzi kamwita mbele, kamuuliza siku zote alikuwa wapi. Yeye kasema: chumba cha mafaili. Darasa zima likacheka, na yeye kacheka, lakini nilisikia kicheko kile kikikwama mahali.

Kasema akifumba macho anajiona juu ya baiskeli, mkoba kwenye karia, anapiga kengele, na ndani ya nyumba mtu anasema, haya, kafika. Kaniuliza habari za mguu. Nikasema mzima. Kaniuliza habari za nyumba. Nikasema ipo. Kaniuliza habari za baiskeli. Nikasema inamsubiri.

Halafu kanishukuru. Kwa kutogusa kitu. Kasema anajua ilivyo vigumu kwangu.

Mkate umenishinda kumaliza. Mimi!

Miaka mitatu ya mafaili, wa kwanza darasani kwenye mtihani, na kinachomzuia ni mimi na msumari. Leo sina la kujisifia. Naliandika kwa sababu halijawahi kutokea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na mpango. Wa hali ya juu.

Kwa Spoku siwezi kuuliza. Lakini kuona si kuuliza! Nitakaa kwenye benchi lake kama mtu anayepumzisha mguu, nitafungua gazeti, gazeti litakuwa na tundu, na kwenye tundu kutakuwa na jicho. Mtu mmoja katika mji mzima lazima alete cheni iliyolegea. Nitaona, nitaondoka, nitatengeneza. Ujuzi utahama bila mwenyewe kuhisi.

Nimefika saa tatu. Mama Vifungo ndiyo anatoka, kashaacha ovaroli. Kanisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Pancha. Pancha. Breki. Pancha. Mpaka saa nane nimehesabu pancha kumi na moja. Watu wa hapa wanatafuta misumari kwa tochi? Spoku kaniletea chai bila kuulizwa, sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda. Kauliza gazeti linasemaje. Nikasema mvua zitakuwa nyingi. Kasema gazeti hilo ni la mwaka juzi, na kweli zilikuwa nyingi.

Saa tisa kaja mwalimu mmoja mstaafu kununua kengele. Kengele tu. Spoku kaishika ile kengele, hakumpa. Kageukia upande wa benchi langu na kaanza kumhubiria mwalimu kwa sauti ya mnada.

Kasema mwalimu, cheni ya chuma haikui. Watu wengi hufungua gurudumu la nyuma wakalisafisha, wakati wa kulirudisha wakalisukuma mbele mpaka mwisho, wakakaza, halafu wanailaumu cheni. Mwalimu kasema yeye kaja kwa ajili ya kengele. Spoku kasema ndiyo, mwalimu, nakuja kwenye kengele. Unalegeza nati mbili za gurudumu, unalivuta nyuma mpaka cheni inyooke, unahakikisha limekaa katikati ya fremu, halijaegemea upande. Unakaza kidogo huku, kidogo kule, huku, kule, kama mtu anayegawia mapacha uji. Na cheni usiikaze mpaka ilie! Iachie pumzi. Ukiinyanyua katikati kwa kidole gumba, ipande kidogo na kushuka kidogo. Umenielewa, mwalimu?

Mwalimu kasema kaelewa, ila hana baiskeli. Kengele ni ya mlangoni.

Masikini Spoku. Kazi imeanza kumpanda kichwani, anawasomesha watu mambo wasiyoyauliza. Lakini sikio langu lilikuwa pale! Kila neno nimeandika pembeni ya gazeti. Mtu anamwaga siri za ufundi mbele ya mpelelezi na hana habari.

Si hilo tu. Kabla ya kwenda dukani kaweka pingili nne na pini mbili kwenye benchi, karibu kabisa na kikombe changu, na kifaa kidogo cha kusukumia pini. Kasema, akiitazama dari, kwamba hizo ni takataka, na kwamba atachelewa kurudi robo saa. Vitu vizima vile, takataka! Nimeviokoa. Huo si wizi. Ndani ya familia vitu huhama.

Nashukuru kwa uzembe wa shemeji yangu. Mungu humtumia yeyote.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi nimeianza saa moja asubuhi.

Pingili zimerudi. Zote nne. Kifaa cha Spoku kinasukuma pini kama kidole kwenye siagi. Cheni ikawa na urefu wake wa zamani, ikalegea vilevile kama Jumanne. Halafu nikalegeza nati, nikalishika gurudumu, nikalivuta nyuma.

Cheni ikanyooka mbele ya macho yangu!

Nilikaa chini. Siku tano! Barafu! Msumari! Na muda wote ilikuwa vidole viwili vya kuvuta nyuma. Nikacheka peke yangu mpaka Mama Vifungo katoka kuangalia kama ni kilio.

Ile washa ya ziada nayo ina kazi. Inakaa chini ya nati ya kushoto. Kiwandani kumbe hawaweki za ziada.

Huku, kule, huku, kule. Gurudumu katikati ya fremu, kidole kinapita pande zote mbili. Gumba chini ya cheni: inapanda kidogo, inashuka kidogo. Nimezungusha pedali mizunguko mia moja. Kimya. Kimya cha ajabu, kama nyumba mtoto akilala.

Mke wangu kafika alasiri na mkoba mpya wa ukunga begani. Kaiona baiskeli mlangoni, inang'aa. Kasimama. Kanitazama. Nikatazama mbali. Kauliza kizingiti kimepatwa na nini. Nikasema uzee. Kauliza kwa nini baiskeli ina harufu ya samaki. Nikasema hewa ya leo.

Kapanda, kazunguka uwanja mara tatu, kapiga kengele kila mzunguko. Mara ya tatu alikuwa anacheka kwa sauti, na kile kilichokuwa kimekwama kwenye simu hakikuwepo tena. Kashuka, kanishika shavu kwa mkono wenye vumbi, kasema ahsante baba. Hakusema ahsante ya nini.

Imenitosha kwa mwaka mzima, ahsante hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mapumziko. Mke wangu kaenda kusalimia shoga zake. Nimekaa naitazama baiskeli.

Nimeinyanyua cheni kwa gumba. Ilipanda kidogo. Sasa nikawaza: matroni ni mtu wa mambo makubwa. Akiona inapanda kidogo, je, si atasema imelegea? Spoku kasema iachiwe pumzi, lakini Spoku anatengeneza za wauza mkaa. Hii ni ya kazi ya serikali!

Nimevuta nyuma kidogo tu. Upande mmoja umekuja zaidi ya mwingine. Nikavuta ule mwingine. Cheni imekaza kama ngozi ya ngoma, ukiigusa inatoa sauti ya zeze. Pedali nzito kama unasaga mawe, na tairi linasugua fremu upande wa kushoto. Shwii, shwii, shwii. Nikalegeza. Ikakataa kurudi palepale pa jana. Jana nilifanyaje?

Jasho! Saa kumi za alasiri, na kesho saa mbili ndiyo saa mbili!

Wakati huohuo nani kaingia uwanjani? Spoku, na ovaroli safi, kaja kumpongeza dada yake. Dada hayupo. Basi atamsubiri. Kachukua kigoda, kati ya vigoda vyote na nafasi zote, kakiweka nyuma ya baiskeli. Kaniomba nimsimulie habari za bandarini.

Nimemsimulia! Ile ya winchi, ile ya nahodha na kasuku wake, ile ya siku niliyopaka rangi upande mmoja wa meli, nayo ikaondoka kabla ya upande mwingine. Nilisimama kabisa, nikaonyesha kwa mikono. Hajawahi kunisikiliza hivyo. Muda wote alikuwa hatulii na mikono yake, anachezea spana kama wanavyochezea wenzake tasbihi, anaitikia tu, eee, ehe, halafu ikawaje? Mama Vifungo dirishani alikuwa anafuta machozi. Ile ya kasuku huwa inawagusa wengi.

Mke wangu karudi, wamekumbatiana, kaka mtu kamwita mkunga wetu. Wakati wa kuondoka kanipiga bega, kasema, "Shemeji, hapo ilipo usiiguse tena, imekaa." Nikamwambia najua.

Kuondoka kwake nikaenda kuijaribu. Sawasawa! Imejirekebisha yenyewe ikipumzika. Hilo nalo ni jambo la kukumbuka: cheni ikikasirika, iache, uisimulie hadithi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemsindikiza mpaka zahanati. Wanaume hawaruhusiwi ndani, nikasimama kwenye uzio. Spoku naye alikuwepo, kafunga karakana asubuhi ya Jumatatu! Tukasimama bega kwa bega, kila mtu na mshipa wake wa shingo.

Wanawake tisa, baiskeli tisa, nafasi sita. Matroni ni mwanamke mpana mwenye filimbi. Anainama, anashika, anapanda, anazunguka uwanja, anashuka, anaandika. Ya kwanza imepita. Ya pili breki imemkataa, kashukia kwenye bustani ya maua. Mwenye baiskeli kalia. Nikauma ukucha. Spoku kauma wa kwake.

Ya sita ni ya mke wangu. Yeye pembeni, mikono nyuma, amenyooka kama mtoto wa gwaride. Matroni kainama. Kaweka gumba chini ya cheni. Ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Karudia. Halafu kapanda. Na mtu mzito yule! Mzunguko mmoja, miwili, kaongeza wa tatu ambao wengine hawakuupata. Hakuna krrr. Hakuna shwii. Matairi tu kwenye kokoto.

Kashuka kauliza, tumesikia mpaka uzioni, nani kaitengeneza hii. Mke wangu kasema, "Wanaume wangu wawili." Matroni kasema angekuwa na wawili kama hao asingekuwa anatembea kwa miguu. Kaandika. Kampa kitambulisho na ramani ya mitaa yake!

Nimelia. Vumbi la pale uzioni ni kali. Lilimwingia Spoku pia.

Njia nzima nimewaza huyo wa pili ni nani. Mwisho nimepata. Muuza samaki! Mke wangu ana moyo, kamkumbuka hata mtu wa barafu. Sijui kaambiwa na nani.

Jumanne, 11 Machi

Saa tano asubuhi mke wangu kazalisha mtoto wa kike mtaa wa tatu kutoka hapa. Mama mzima, mtoto mzima, bibi mtu kazimia lakini kaamka. Kafika kabla ya maji kuchemka. Kasema alipiga kengele mlangoni, na ndani akasikia mtu akisema, haya, kafika.

Kanisimulia amesimama, hakuweza kukaa. Hata viatu hakuvua. Nimemmiminia chai nikamtazama tu, huyu mwanamke aliyekuwa ananivua soksi.

Nashukuru. Sina la kuongeza hapo, na mimi ni mtu wa kuongeza.

Jumatano, 12 Machi

Nimekuwa nikimfikiria Spoku. Tuseme ukweli, shemeji ni mtu mwema. Ufundi wake wa kawaida, anaongea sana na wateja, vitu anavitupatupa. Lakini wiki nzima hakunicheka zaidi ya mara moja, kaninywesha chai, kafunga karakana kumtakia dada yake heri. Moyo wangu si jiwe. Ya harusi nimemsamehe leo saa mbili asubuhi.

Saa tatu kapita nyumbani. Anakwenda mjini kuchagua matairi, kaniomba nimkalie karakana mpaka adhuhuri. Kuniamini kwenyewe huko! Kasema ni kukaa tu. Wateja wakija, pampu ile pale, wajaze upepo wenyewe. Nisihangaike na kitu.

Naandika nikiwa kwenye kopo lake. Kazi nzuri, upepo wa kutosha, watu wanakusalimia.

Nimeitazama ile pampu. Pampu kubwa ya kusimama, ya shaba chini ya uchafu wa miaka. Mtu anapata riziki kwa chombo kichafu vile, na mimi nimekaa tu, na fadhila zote nilizofanyiwa? Nikajiuliza: ungekuwa wewe, ungependa kurudi ukute nini?

Inafunguka kirahisi mno. Mashine nzuri hujionyesha kwa kufunguka kirahisi. Mafuta ya taa, maji ya moto, sabuni ya unga. Ndani kuna kipande cha ngozi kinachosukuma upepo, kilikuwa kimelowa mafuta, nimekisugua mpaka kikawa cheupe na kikavu. Vipande kumi na saba, vyote juani juu ya gazeti, vinametameta.

Wateja saba wamepanga foleni. Matairi yote chini. Mmoja ni mke wangu. Kasema ana mama anayemsubiri mtaa wa pili, na tairi la mbele limepungua kidogo tu, lipigwe mara kumi aende.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ni dakika tano. Springi moja tu ndiyo sikumbuki ilikuwa ya wapi, lakini haina haja ya kumsumbua mtu kwa kuuliza, nimeshaanza kuielewa tabia yake.